Mita Sitini Kutoka Chemchemi

Siku niliyokabidhi ofisi, vijana wa idara ya ardhi mlinipa kitenge, jagi na saa ya ukutani, kisha mmoja wenu akasema, "Mama, tuandikie basi uliyoyaona, ili tusiyaone wenyewe." Saa nimeitundika jikoni, jagi linatumika, na maandishi ndiyo haya. Habari za vyeo sitaziandika, maana aliyepanda anazijua na asiyepanda anazijua zaidi. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, ile ya kwenda kumwambia mtu, kabla hajachimba msingi, kama ardhi yake inakubali nyumba. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya kusema hapana kwa adabu, ukiwa umesimama kwenye shamba la mtu, umekunywa chai yake.

Nilifika Same nikiwa na cheti kipya na viatu vya kisigino. Upepo wa Same mnaujua. Nilishuka kwenye basi nimeshika sketi kwa mkono mmoja na bahasha ya uteuzi kwa mwingine, na kati ya hivyo viwili ilibidi nichague. Bahasha niliikuta kwenye michongoma ya jirani. Mkuu wangu wa kwanza, Bwana Mrutu, aliisoma pamoja na miiba yake, akatazama viatu vyangu, akasema, "Hivyo ni vya kanisani." Akatoa chini ya meza mabuti ya mvua ya ofisa aliyehama, makubwa kunizidi, akanipa na magazeti ya kujazia mbele. Nilipanda milima ya Upare kwa mabuti yale mpaka yakatoboka, na hadi leo sijui mwenyewe alihamia wapi bila viatu.

Mrutu hakupenda kufungua ramani kabla hajanywa chai, na chai hakuinywa ofisini. Tukifika mahali pa kukagua, alipitiliza kiwanja chenyewe na kuingia nyumba ya jirani kuomba maji ya kunywa. Nilidhani ni kiu. Kumbe alikuwa anatazama milango. Nyumba ambayo milango yake imekuwa migumu kufunga, iliyopasuka ukutani kwenye pembe za madirisha, inakuambia mteremko unatembea polepole, na jirani naye atatembea. Baada ya milango alitazama miti. Shina lililopinda chini kisha likanyooka juu limekuwa likijirekebisha kwa muda mrefu kwa sababu udongo unalisukuma. Halafu alitazama majani, maana matete na magugu ya majimaji hayaoti mahali kwa bahati mbaya. Mwisho aliwauliza kina mama, "Kiangazi kikikaza mnachota maji wapi?" Ndipo sasa akafungua ramani, kuona kama nayo inajua.

"Ramani ikipingana na kina mama?" nilimwuliza siku za mwanzo.

"Unairekebisha ramani," alisema. "Kina mama hawarekebishwi."

Mambo ya tambarare Mrutu alinifundisha kwa njia nyingine. Bwana mmoja kutoka mjini alikuwa amenunua eneo chini kule, mwezi wa kiangazi, akatuita tulione. Lilikuwa pana, limenyooka, limejaa mchanga mweupe safi, halina hata kichaka. Alitutembeza akiwa amefurahi sana. "Hapa hata gharama ya kusafisha hakuna," alisema. Mrutu akamwuliza anadhani nani amesafisha. Wakati bwana yule anatafuta jibu, alipita mfugaji na ng'ombe wake, akasimama, akatutazama sisi na kamba yetu ya kupimia, akauliza kwa upole kama tunajenga daraja.

Lilikuwa korongo. Korongo la tambarare huweza kukaa kavu mpaka watu wakalisahau, halafu mvua ikanyesha milimani huku Same jua linawaka, na maji yakafika bila hata wingu la kuyatangulia. Tuliandika hapana. Bwana yule alisema tunakwamisha maendeleo, akajenga uzio kwanza ili kuonyesha nia. Uzio ule ulisafiri peke yake kuelekea Pangani, na nadhani ndiyo safari ya maendeleo aliyokuwa akiisema. Niliwahi kumkuta tena benki. Hakunisalimia, nami sikumlaumu.

Mrutu alistaafu, nikabaki na fimbo yake ya kupimia kina cha matope na meza yenye mguu mmoja mfupi. Baadaye zikaja jipiesi, picha za setilaiti na droni, na vyote navisifu, maana vimetuokolea miguu. Lakini droni haijawahi kuombwa ikae kwanza inywe uji. Na kesi ninayotaka kuisimulia isingemalizika bila watu kukaa.

Jina la kijiji sitalitaja. Si kwa heshima, ni kwa uoga, maana wenyewe wangenishitaki. Nchi nzima inatutania sisi Wapare kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Huo ni uongo. Ng'ombe hauzwi mpaka rufaa. Basi itoshe kusema ni kijiji cha milimani, Upare wa Kusini, kwenye ukungu na tangawizi, ambako barabara inapita chini ya makazi na nyumba nyingi ziko juu kabisa, kwenye njia ambazo mbuzi anazipita kwa kufikiria.

Huko walikuwepo wazee wawili. Mmoja ni Mwalimu Elifasi, mstaafu wa shule ya msingi, mzee wa kanisa, mtu wa kunyoosha kola hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Mwingine ni Mzee Mbazi, mkulima wa tangawizi, mwenye sauti kubwa na kofia ya sufu isiyotoka kichwani hata wakati wa sala. Walikuwa na kesi ya kiwanja kimoja kando ya barabara. Kesi ile niliikuta ikiwa imeanza, ikapanda mabaraza na kushuka, ikarudishwa kusikilizwa upya, mashahidi wengine wakafariki na watoto wao wakarithi ushahidi. Na kwa kuwa gari la kushuka Same lilikuwa moja tu asubuhi, wale wazee walikwenda kushitakiana wakiwa kiti kimoja, Mwalimu dirishani kwa sababu ya kifua chake, Mbazi pembeni ameshika kapu la makande waliyokula wote mchana.

Hatimaye Mwalimu alishinda. Alikuja ofisini kwangu na hukumu kwenye mfuko wa nailoni, amevaa suti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta hukumu. Nataka kibali cha kujenga."

Nilimwambia hukumu inasema kiwanja ni cha nani, haisemi kama kinajengeka, na hilo ndilo ninalokwenda kuangalia. Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeuliza swali la darasa la nyuma. "Ardhi hiyo imetembelewa na waheshimiwa wote," alisema. "Wameiona."

"Waliangalia mpaka, Mwalimu. Mimi naangalia maji."

Akakaa. Ndipo akanieleza kwa nini ana haraka, na hapo sikuona tena sababu ya kumcheka. Mke wake, Mama Rehema, alikuwa mgonjwa wa moyo. Nyumba yao ilikuwa juu kabisa, na kila kliniki vijana walimbeba kwa machela mpaka barabarani, kwenye njia ya kuteremka. Masika yaliyopita waliteleza. Hawakumwangusha, lakini machela ilikwenda na matope hadi kwenye mgomba, na mgomba ndio uliomshika. Tangu siku ile alikuwa amesema habebwi tena. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba akiacha kliniki hatamaliza mwaka. Binti yao Rehema, muuguzi mjini, alikuwa tayari kujenga nyumba ndogo kando ya barabara, lakini alikataa kutuma hata mfuko mmoja wa saruji kabla hajaona kibali. Alikuwa ameshaona hospitalini watu waliotolewa chini ya nyumba za mteremkoni.

Nilipanda kesho yake na kijana wa idara ya mazingira, Mwalimu akatufuata nyuma. Niliomba maji nyumba ya jirani, na mlango ulikuwa unafunguka kwa bega. Miti ilikuwa imepinda magoti. Na kona ya juu ya kiwanja, kwenye matete, ilitoka chemchemi nzuri kabisa, baridi, ikiteremka kwenye ndiva, lile bwawa la kienyeji ambalo wazee wetu walilijenga ili maji yajae usiku na kugawiwa mashambani asubuhi. Nusu ya mashamba ya chini yaliishi kwa chemchemi ile.

Haikuwa siri. Chemchemi ndiyo ilikuwa ushahidi. Mashahidi wa Mwalimu waliitaja, wa Mbazi waliitaja, na hukumu yenyewe ilisema kiwanja kinaanzia "penye chemchemi." Bila chemchemi Mwalimu asingeshinda, na kwa sababu ya chemchemi hawezi kujenga, maana sheria inakataza shughuli ndani ya mita sitini kutoka chanzo cha maji. Watu wazima, wenye akili, waliojua sheria mpaka vifungu vidogo, walipigania kwa nusu ya maisha yao mahali pasipojengeka choo. Hakuna aliyeuliza. Kuuliza kungekuwa kama kukubali kwamba kuna kitu muhimu kuliko kushinda.

Tulivuta kamba. Kijana wa mazingira alishika mwanzo kwenye matete, nami nikatembea na mwisho. Nilivuka kiwanja chote cha Mwalimu, nikafika kwenye mpaka wake wa mbali, kamba ikawa bado. Nikapita katikati ya masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, nikaingia kwenye maharage ya Mzee Mbazi, na hapo ndipo mita sitini zilipoisha. Mbele yangu kulikuwa na kipande kizuri, kikavu, kimekaa juu ya mwamba, miti yake imenyooka, barabara iko mlangoni. Katika maisha yangu ya kazi sijaona kiwanja kilichosema ndiyo waziwazi kiasi kile, na kilikuwa cha yule aliyeshindwa kesi.

"Unapima nini kwangu?" Mzee Mbazi alikuwa amesimama nyuma ya masale muda wote.

"Shikamoo, mzee. Napima mwisho wa katazo."

Nikamweleza. Alicheka mpaka kofia ikataka kutoka. Alicheka akaegemea jembe, akamwita mke wake aje asikie, akacheka tena pamoja naye. Mwalimu alisimama upande wake wa mpaka, amenyooka, kola safi, akitazama barabara. Halafu kicheko cha Mbazi kikapungua chenyewe, bila mtu kumwambia.

"Sasa mgonjwa inakuwaje?" aliniuliza kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kupanda njia ya kwake.

Jioni hiyo Mbazi alinisindikiza hadi kwenye gari akaniambia nimpelekee Mwalimu salamu kwamba ajenge pale kwenye maharage. Hataki chochote. Nilirudi nikiwa mwepesi, kwani ni nadra kazi yetu kutupa neno jema la kupeleka. Nilipolifikisha, Mwalimu alivua miwani.

"Nimshinde mtu, halafu nihamie kwake?"

Nikapendekeza wabadilishane viwanja, jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelipendekeza. Mwalimu alisema hawezi kumpa Mbazi kwa mkono wake mwenyewe kile ambacho baraza lilimnyima. Nikashuka kwa Mbazi na wazo lilelile. Mbazi alisema kile kiwanja cha chemchemi alikitaka kwa haki, hakitaki kwa huruma. Nilipanda na kushuka mlima ule nikiwa nimebeba wema wa wazee wawili, na kila mmoja aliurudisha kama mkate wenye ukungu. Niliwakasirikia kwa kweli. Kuna mama amekaa kitandani anahesabiwa pumzi, na hawa wanachagua namna ya kupokea.

Mara ya mwisho kupanda, Mwalimu alikuwa ameenda kwenye kikao cha kanisa, nikamkuta Mama Rehema peke yake. Alikuwa ameketi akiegemea mito, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kamba?"

"Ndiye mimi."

"Nasikia unapanda na kushuka. Pumzika." Alinionyesha kigoda. "Mimi si gunia la viazi, mwanangu. Sibebwi tena. Lakini sitaki kufa kwa sababu ya maharage."

Nikamwambia nimejaribu kila njia. Alitikisa kichwa.

"Hujajaribu ya kwao. Mume wangu hajui kupokea. Anajua kushinda. Mwambie Mbazi ashitakiwe."

Nilidhani ni homa. Akanirudia taratibu, kama anayemweleza mtoto mapishi. Mbazi akitoa, Mwalimu hatachukua. Mbazi akinyang'anywa na baraza, Mwalimu atachukua na kwaya itaimba. Kwa hiyo Mwalimu afungue kesi ya kile kipande cha maharage, na Mbazi ashindwe. Kumtia mumewe hamu ya kesi, alisema, ni kazi yake mwenyewe, na haihitaji pumzi nyingi. Kumtia Mbazi hamu ya kushindwa kutafanywa na Mama Mbazi, ambaye waliimba naye sauti ya kwanza tangu usichana wao na kesi ile haikuwahi kuwagusa.

Mimi sikupeleka ujumbe wowote. Nilikunywa uji nikashuka. Ofisa wa ardhi haingii kwenye mambo ya kwaya.

Haukupita mwezi, kesi ikafunguliwa baraza la kata. Sababu hazikukosekana, maana kwa Mpare anayetaka kesi, sababu huota zenyewe. Mwalimu alidai kwamba babu yake alikuwa akichunga mbuzi kwenye kipande kile, tena kabla ya ukoo wa Mbazi kufika kijijini. Mashahidi wa mbuzi walikuwa hawapo duniani. Nami niliitwa kueleza habari za chemchemi na mahali katazo linapoishia, nikaenda na mchoro wangu.

Ukumbi ulijaa. Watu walijua Mbazi anavyojibu. Kuna waliokuja na viti vyao. Mwalimu alieleza babu, mbuzi, malisho, kila kitu kwa mpangilio, kama somo la maarifa ya jamii. Mwenyekiti, mama mmoja mpole asiyependa kelele, akamgeukia Mbazi.

"Mzee Mbazi, unasemaje kuhusu madai haya?"

Mbazi alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa amevua kofia.

"Mbuzi hao nawakumbuka," alisema.

Mwalimu aligeuka polepole.

"Nilikuwa mdogo. Babu yake alikuwa anawaleta asubuhi. Kulikuwa na beberu mmoja mweusi, pembe moja imevunjika. Alinipiga hapa." Akaonyesha paja. "Eneo ni la kwao."

"Una uhakika, mzee?" mwenyekiti aliuliza.

"Kovu ninalo."

Mwenyekiti alitutazama sote, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwangu nilikuwa natazama mchoro. Mimi niliulizwa kuhusu maji, nikajibu kuhusu maji, kweli tupu. Kuhusu mbuzi sikuulizwa. Baraza likampa Mwalimu kipande cha maharage, na kwaya, kama ilivyotabiriwa, iliimba.

Nilitoka nikamkuta Mwalimu amesimama nyuma ya jengo, peke yake, ameshika ukuta. Nilidhani ni kifua.

"Hakukuwa na mbuzi," aliniambia bila kunitazama.

"Mwalimu, mimi si wa idara ya mifugo."

"Hata mmoja. Babu yangu alikuwa mfua chuma. Nilisema mbuzi kwa kuwa mfua chuma hana malisho ya kudai." Alifuta miwani kwa ncha ya koti, akaifuta tena. "Nilijiandaa kwa maswali yake. Niliandika majibu. Mtu yule hajawahi kuniachia hata sentensi moja ipite."

Nikamwuliza kama atakataa. "Mama Rehema anapenda kutazama magari," alisema. Sikuuliza tena.

Wiki iliyofuata nilipanda kuweka alama za mpaka. Mama Rehema alikuwa amekubali kubebwa mara moja ya mwisho, aje aone, akawekwa kwenye kiti kando ya barabara, shuka magotini. Mzee Mbazi alikuja na masale begani kwa ajili ya mpaka mpya, akapiga hatua kutoka kwenye kigingi changu, akaingia kwake, akaanza kuchimba ndani ya shamba lake mwenyewe.

"Hapo sipo," Mwalimu alisema.

"Ndipo. Baraza limesema kwenye jiwe."

"Jiwe ni lile, huku kwangu. Hilo unalosema ni kichuguu."

"Mimi nimelima hapa, najua jiwe."

Mwalimu aling'oa sale akalirudisha nyuma, upande wa kwake. Mbazi akaling'oa akalipeleka mbele. Mwalimu alisema hachukui kisichokuwa chake. Mbazi alisema haachiwi kilichokwisha kuwa cha mtu. Sauti zilipanda, watu wakatoka majumbani, mbwa wakaanza kubweka, na mimi nikasimama katikati na kamba yangu, ofisa mzoefu, nikiangalia mgogoro wa mpaka ambao sikusomea. Kila mmoja alikuwa anadai apunguziwe.

Mama Rehema aliniita kwa mkono. "Wanagombea nini tena?"

"Mpaka, mama."

"Nani anataka zaidi?"

"Hakuna. Kila mmoja anataka kidogo."

Aliwatazama. Machozi yalimtoka akiwa anacheka, bila sauti, kwa sababu pumzi haikutosha kwa vyote viwili. Nami nililia, sioni haya kusema, nikasingizia upepo, ingawa upepo wa Same haufiki kule. "Basi mwambieni fundi achimbe msingi leo," alisema, "kabla hawajafika barazani."

Fundi alichimba siku hiyohiyo, na kibali nilikitia saini mwenyewe. Nyumba ilipata bati kabla ya masika, vyumba viwili na baraza inayotazama barabara. Ni miaka kadhaa sasa. Mama Rehema huenda kliniki kwa miguu yake mpaka kwenye gari, naye humwambia dereva asubiri, kwa sababu anaweza. Kile kiwanja cha chemchemi Mwalimu amekipanda miti ya kuhifadhi maji, na Mbazi huipalilia bila kuombwa, kisha hukana.

Wiki mbili kabla sijastaafu, mmoja wenu alikuja mezani kwangu na mpango mpya wa matumizi ya ardhi ya kijiji kile. Alikuwa amechanganyikiwa. Katikati ya nyumba ya Mwalimu na shamba la Mbazi kuna ukanda mwembamba, upana wa hatua moja, kutoka barabarani hadi uani kwa Mbazi. Alikuwa amewauliza wenyewe, na kila mzee alisema ni wa mwenzake. Katika milima yote ya Upare, ambako watu wamefikishana rufaa kwa upana wa jembe, hiyo ndiyo hatua pekee isiyotakiwa na mtu. Aliniuliza aiandike nini kwenye ramani.

Nilimwuliza kama ina majani. Akasema hapana, ni udongo mtupu, umekanyagwa ukawa mgumu, na siku aliyokwenda kupima alilazimika kusubiri, maana Mama Rehema alikuwa anapita na fimbo yake kwenda kwa Mama Mbazi, taratibu sana, na hakutaka kushikwa mkono.

"Andika njia," nilimwambia.